Bonyeza Ukucha, Uhesabu

Kabla sijasema neno, nyoosha mkono wako wa kushoto mbele ya macho. Kama uko kwenye usukani, ngoja foleni isimame. Kwa kidole gumba cha kulia bonyeza ukucha wa kidole cha shahada, ubane sawasawa, hesabu hadi tano, kisha achia. Umeona? Ukucha ulipauka kama ganda la yai, halafu rangi ikarudi mbio. Kwa mtu mwenye afya hurudi kabla hajamaliza kutamka "moja, mbili".

Ulichokitazama ni damu ikirejea kwenye kapilari, yaani vile vimishipa vidogo kuliko vyote, ambavyo ndivyo vinavyokabidhi chakula na hewa kwa kila sehemu ya mwili. Nesi wa wodi ya watoto hulifanya jaribio hilo kutwa nzima. Halihitaji mashine wala umeme. Na kuna mtoto ambaye atabonyezwa ukucha, nesi ahesabu moja, mbili, tatu, nne, na ukucha bado mweupe. Shika mkono wake, utaukuta wa baridi, na huku kifua kinawaka. Mwili umeanza kubana matumizi: damu imeondolewa vidoleni ili ubongo na moyo vipate.

Jioni hii nataka tuvizungumzie vimishipa hivyo na yule anayeviharibu. Maana tumezoea mtu akifa kwa homa kali tunasema vijidudu vimemmaliza, na tunarudi kutoka makaburini tukiwa tumemtwisha mdudu kosa lote. Mdudu ana kosa lake, sikatai. Lakini katika vifo vingi vya namna hiyo, aliyebomoa kuta za mishipa ni mlinzi wa mwili wenyewe. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na hadubini, ila hawakuwa mbali.

Tuanze na ukuta. Mshipa ule ambao nesi anautafuta mkononi mwako kwa kupigapiga na kidole una ukuta mnene, una hata misuli. Kapilari haina anasa hiyo. Ukuta wake ni tabaka moja tu la chembe bapa, zimepangwa ubavu kwa ubavu kama vigae na kushikanishwa kingoni. Nafasi ya ndani ina upana wa mikromita 5 hadi 10, na unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo kwa karibu mara kumi. Chembe nyekundu ya damu inapita humo kwa kujikunja kama mtu anayepenya kwenye daladala ya saa kumi na moja jioni.

Na upande wa ndani ukuta huo umepakwa ute wa sukari na protini. Ukitaka kuufikiria, fikiria bamia iliyokatwa sasa hivi, ule utelezi unaovutika na kisu. Utelezi huo ndio unaofanya chembe za damu zipite bila kunata, na ndio unaosaidia kuzuia maji ya damu yasitoke nje ovyo. Uweke akilini huo utelezi wa bamia, maana habari yote inauzunguka.

Sasa mlinzi. Katika damu yako kuna chembe nyeupe za aina nyingi, na zilizo nyingi kuliko zote huitwa nyutrofili. Uboho wa mifupa yako unatengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na nyingi huishi saa au siku chache tu. Ni askari wa zamu fupi. Mwaka 1867 kule Berlin, daktari mmoja aitwaye Julius Cohnheim alimlaza chura chini ya hadubini, akatandaza utando wa matumbo yake, akakaa kutazama. Aliona chembe nyeupe zikipunguza mwendo, zikibingirika kandokando ya ukuta wa mshipa, zikisimama, halafu zikajipenyeza polepole hadi nje. Wakati huo wakubwa wake waliamini kwamba usaha unatengenezwa palepale kwenye jeraha. Chura wa Cohnheim aliwaonyesha kuwa usaha ule unaoukamua kwenye jipu ni askari waliotoka kwenye damu.

Ukichomwa mwiba kidoleni, ukuta wa vimishipa vya hapo husikia, ukatoa kulabu. Nyutrofili inayopita inanaswa, inabingirika, inashika, inapita katikati ya vigae viwili. Ikimfikia bakteria inammeza, inammiminia vimeng'enya vya kukatakata protini, na inatengeneza hata tindikali ya klorini, ileile inayofanya kazi ndani ya Jik unayofulia mashuka. Naam, mwili wako unatengeneza Jik yake. Kidole kinavimba, kinauma, kinakuwa chekundu, kwa sababu kuta zimelegezwa makusudi ili maji yenye kinga yatoke kwenye damu yafike kwenye jeraha. Kwa hiyo kuvuja kwenyewe si kosa. Ni kazi, ilimradi ni mahali pamoja na kwa muda.

Ukelele wa "Mwizi!" ukipigwa kwenye uchochoro mmoja wa Manzese, watu watatoka, mwizi atashikwa, na pengine meza moja ya nyanya itapinduka. Sasa jaribu kufikiria ukelele huohuo unapigwa dakika ileile katika kila mtaa wa Dar es Salaam, usiku, na umeme umekatika. Kila mwenye rungu katoka, na kila kinachokimbia kinapigwa. Asubuhi utakuta vibanda vimevunjwa mitaa ambayo mwizi hakuwahi kukanyaga, na mwizi mwenyewe labda alikuwa mmoja na kakamatwa saa tatu zilizopita.

Ndivyo inavyokuwa bakteria wanapoingia kwenye damu wakasambaa. Kengele inalia mwili mzima. Nyutrofili zinanata kwenye kapilari za mapafu, za figo, za ini, mahali ambapo huenda hakuna bakteria hata mmoja, na silaha ambazo zingemwagwa nje kwenye jeraha zinamwagwa humohumo ndani ya mshipa. Vimeng'enya vinakwangua utelezi wa bamia. Ukishakwanguliwa, kulabu zilizokuwa zimefichwa chini yake zinatokeza, na kulabu zikitokeza zinanasa askari wengine, nao wanakwangua zaidi. Vigae vinaachana kingoni. Maji ya damu yanatoka. Yakitokea miguuni ni uvimbe tu. Yakitokea kwenye mapafu, mgonjwa anazama akiwa kitandani.

Kuna jambo jingine la nyutrofili ambalo mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia aya mara mbili. Mwaka 2004 kundi la watafiti la Arturo Zychlinsky, huko huko Berlin, lilieleza kwamba nyutrofili inaweza kupasuka makusudi na kuurusha nje urithi wake wote, DNA yake, kama mvuvi wa Bagamoyo anavyorusha kimia. Nyuzi hizo za chembe moja tu, ukizinyoosha, zinafika takriban mita mbili. Bakteria wananasa, wanauawa humo. Ni silaha ya ajabu na ya kijasiri, maana mara nyingi mrushaji naye anakufa.

Ila kimia hakichagui. Kwenye nyuzi zile kuna protini ziitwazo histoni, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuishikilia DNA iliyokunjwa ndani ya kiini cha chembe. Zikiwa ndani ni watumishi wema. Zikitoka nje ni sumu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba histoni zilizomwagika kwenye damu huua chembe za ukuta wa mishipa, na kwamba panya waliopewa kingamwili ya kuzizima histoni hizo walinusurika zaidi. Tena kimia kinanasa na chembe sahani, zile zinazogandisha damu unapojikata. Damu inaganda humo ndani kwa vidonge vidogo vidogo visivyohesabika, na kila kidonge kinaziba kapilari. Mgonjwa anavuja na kuziba kwa wakati mmoja. Baadaye, chembe sahani zikishatumika zote, anaanza kutoka damu kwenye fizi na pale alipochomwa sindano, na ndugu hawaelewi: huyu damu inaganda au haigandi? Vyote viwili.

Hali hiyo madaktari wanaiita sepsisi. Sisi mitaani tunasema sumu imeingia kwenye damu, na si usemi mbaya, isipokuwa sehemu kubwa ya sumu yenyewe tumeitengeneza wenyewe. Tangu mwaka 2016 wataalamu wanaieleza hivi, kwa maneno yangu: ni pale mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi unapopotea njia hadi viungo vya mwili vyenyewe vinashindwa kazi. Angalia kwamba kosa limewekwa kwenye mwitikio. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 walikufa. Wengi wao ni wa nchi kama zetu, na zaidi ya wanne katika kila kumi waliougua walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mfano ulio karibu na sisi ni dengi, homa ya virusi vinavyosambazwa na mbu. Dar es Salaam tuliionja mwaka 2014, ikaja tena 2019, na kamusi zetu zinaiita kidingapopo. Neno lenyewe lina historia. Daktari Mskochi James Christie, aliyekuwa Zanzibar kwenye mlipuko wa homa mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na wapo wanaoamini kwamba jina hilo ndilo lililosafiri baharini hadi likawa dengue ya Wazungu. Wengine wanashuku homa ya mwaka ule ilikuwa chikungunya, neno jingine la kwetu, la Wamakonde. Tuyaache hayo, kila ugonjwa wa mbu unataka kuwa na babu Mswahili.

La kutazama kwenye dengi ni saa yake ya hatari. Mtu anaumwa siku tatu, nne, tano, homa juu, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinavunjika. Halafu homa inashuka. Nyumbani furaha, uji unapikwa, jirani anaaga. Kwa wengi huo ndio mwisho wa ugonjwa, wanapona. Lakini kwa wachache, homa ikishuka ndipo mishipa inapoanza kuvuja, na inavuja kwa muda wa saa 24 hadi 48. Tumbo linauma, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, anakuwa mzito wa usingizi au hatulii. Ukipima damu unakuta imekuwa nzito, kwa sababu maji yake yamehama. Na virusi? Saa hiyo virusi kwenye damu vinapungua. Adui anaondoka, na nyumba inaanguka. Sisemi virusi havina hatia. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kuna protini yao, iitwayo NS1, ambayo inaharibu utelezi wa bamia moja kwa moja. Ni ubia wa wawili. Lakini anayemaliza kazi mara nyingi ni wa kwetu.

Ndiyo maana mwenye dengi akiuliza dawa ya maumivu anaambiwa parasetamo, na anakatazwa aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Ukuta umeshalegea, usiongeze cha kuzuia damu isigande.

Sasa niseme lililonifanya niketi mbele ya kipaza sauti leo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namuuguza mtoto wa dada yangu kwenye hospitali moja, jina halina umuhimu. Kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka kama mitatu, mtoto mwenye homa kali. Mtoto alikuwa ametundikiwa dripu, inadondoka tone, unasubiri, tone jingine. Bibi alikuwa akiitazama chupa ile kama mtu anayetazama sufuria ya maharage isiyochemka. Usiku wa manane, nesi alipokwenda wodi ya jirani, bibi akanyoosha mkono, akalisogeza lile gurudumu dogo la kwenye mrija, matone yakaanza kufuatana. Akanitazama, akaniambia kwa upole, "Haya maji yanachelewa, mwanangu." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani anafanya la maana. Nesi aliporudi aligundua, akalirudisha, hakugomba sana, nadhani alishazoea. Mtoto yule alipona. Lakini kile kichwa nilichotikisa bado kinaniuma.

Maana sisi na dripu tuna mapenzi ya siku nyingi. Mtu akilazwa bila dripu, ndugu wanaona hajatibiwa. "Hata maji hawakumwekea!" Hilo ni shtaka zito kwenye mazungumzo yetu ya msibani. Na fikra yenyewe ina mantiki: kama damu imepungukiwa maji kwa sababu mishipa inavuja, si ujaze? Vitabu vya tiba navyo vilisema hivyohivyo kwa miaka mingi. Mtoto mwenye mikono ya baridi na ukucha unaokawia, mpe maji mengi kwa haraka.

Basi likaja jaribio la hapa kwetu. Liliitwa FEAST, likiongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa Kilifi, likafanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza, mkoani Tanga, na kule Uganda Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vidoleni, wengi wao wakiwa na malaria, waligawanywa kwa kura. Theluthi moja walipewa maji ya chumvi kwa haraka, theluthi moja maji yenye albumini, protini ya damu, kwa haraka, na theluthi ya mwisho hawakupewa maji ya haraka, ila yale ya polepole ya kumshikilia mtoto. Wote walipata dawa zao, damu kwa aliyehitaji, oksijeni, na uangalizi wa karibu. Wengi walitarajia kundi la polepole litafanya vibaya.

Mapema mwaka 2011 kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla ya muda wake. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya chumvi ya haraka walikuwa wamekufa watoto 10.5 katika kila 100, wa albumini 10.6. Wa polepole, 7.3. Kwa lugha ya wodini: kila watoto 100 waliofunguliwa lile gurudumu, watatu zaidi walikufa. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo, na yakatikisa madaktari wa nchi ambazo hazijui Muheza iko wapi.

Na kuna jambo ndani yake ambalo lazima tulikazie macho. Baada ya saa ya kwanza, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana wanaendelea vizuri kuliko wenzao. Wengi zaidi kati yao dalili za mshtuko, yaani zile za damu kutofika vidoleni, zilikuwa zimeondoka. Daktari aliyeshika mkono wa mtoto kama huyo angekwenda kunywa chai akiwa na amani. Kufa kulikuja baadaye. Kwa hiyo hata jicho la mzoefu, pale kitandani, lingeona uongo. Ni kura na hesabu tu ndizo zilizofichua ukweli.

Kwa nini maji yaliua? Dhana ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya ukuta uliovunjika: unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, yanaishia kwenye mapafu na ubongo. Ni maelezo mazuri, nami ningependa yangekuwa kamili. Lakini watafiti walipovichambua vifo kimoja kimoja walikuta kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu kuporomoka, kuliko kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo. Uchambuzi wa baadaye ukaongeza kwamba maji ya chumvi mengi hubadilisha tindikali ya damu na kuizimua, hasa kwa mtoto ambaye damu yenyewe ni chache.

Wengine walisema labda ni watoto tu, labda ni malaria. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Lusaka, Zambia, kwa watu wazima 212 wenye sepsisi na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo walikufa asilimia 48.1 hospitalini. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa pale, asilimia 33. Dawa ya vitabuni ilitoka kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia, ambako mgonjwa akizidiwa na maji kuna cha kumshika. Ikaletwa kwetu bila mashine hizo.

Hapa naomba unisikilize vizuri, nisije nikaharibu nilipotaka kutengeneza. Mtoto anayeharisha na kutapika hadi macho yameingia ndani, huyo maji yamemtoka nje kabisa, na anayahitaji, ya kunywa ya ORS au ya dripu kama hawezi kunywa. FEAST haikumhusu, watoto wa kuharisha hawakuingizwa, wala wenye utapiamlo mkali. Na mwenye dengi aliyezidiwa anaokolewa na maji, ila yanayopimwa na kupunguzwa saa kwa saa. Ninachokisema ni kwamba dripu ni dawa yenye dozi, na gurudumu lile ndilo dozi yenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2016: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mshtuko asimwagiwe maji ya haraka, na mwenye zote apewe kwa kipimo, kwa dakika 30 hadi 60.

Utaniuliza, basi kwa nini tusiwatulize hao askari? Swali zuri, na limewala watu pesa nyingi. Dawa moja iitwayo Xigris iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya sepsisi kali, ikauzwa kwa bei ya kutisha, ikaondolewa sokoni 2011 baada ya kuonekana haiokoi. Gambia walijaribu kingamwili ya kuzima moja ya kemikali za king'ora kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Homa ilishuka upesi, vifo havikupungua, na walionusurika walibaki na ulemavu wa ubongo zaidi kuliko wenzao. Thailand, mwaka 1982, walijaribu deksamethasoni kwa malaria ya ubongo. Haikuokoa mtu, ila iliongeza muda wa kupoteza fahamu. Kisha ikaja Uviko, na Juni 2020 Uingereza wakatangaza kwamba deksamethasoni hiyohiyo, dawa ya bei ya pipi, inapunguza vifo kwa karibu theluthi kwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa karibu humusi kwa walio kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia chochote.

Dawa ni moja, saa ni tofauti. Ukimnyang'anya askari rungu wakati mwizi bado yuko ndani, umemsaidia mwizi. Ukimwacha nalo baada ya mwizi kutoka, atavunja nyumba. Na bado hakuna kipimo cha bei nafuu cha kumwambia daktari wa wilaya sasa ni saa ngapi. Kwa hiyo anayekwenda duka la dawa kununua deksamethasoni mwenyewe kwa sababu jirani ilimsaidia wakati wa Uviko anacheza kamari, na anacheza na ukuta wenye unene wa chembe moja.

Kilichobaki mikononi mwetu ni kuwahi. Ukelele ukizimwa ukiwa bado kwenye uchochoro mmoja, haufiki mji mzima. Antibiotiki sahihi mapema, dawa ya malaria mapema, damu kwa mtoto aliyepauka, oksijeni kwa anayepumua kwa shida. Hakuna miujiza humo, na yote yanafanyika Muheza.

Ukiwa wodini usiku, dripu inadondoka polepole na roho inakusukuma, mwite nesi umuulize, ila gurudumu lile usiliguse. Na nyumbani, mtoto akiwa na homa, fanya lile tulilolifanya mwanzo wa mazungumzo haya. Bonyeza ukucha wake, achia, uhesabu. Ukifika tatu na rangi bado haijarudi, na mkono ni wa baridi, mfunge kanga umpeleke hospitali usiku huohuo. Usingoje kupambazuke.